Tunaisifu milango ya Mji Mkongwe huku madirisha yaking'olewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme machache kuhusu madirisha ya nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar, jambo ambalo kwa maoni yangu limeachwa nyuma kwa muda mrefu. Mlango uliochongwa una watetezi wengi. Umo kwenye kadi za posta na kwenye fulana, watembeza wageni husimama mbele yake kueleza nakshi za mnyororo, samaki na yungiyungi, na mtu akijaribu kuung'oa mchana kweupe majirani watapiga kelele. Dirisha la nyumba hiyohiyo, lililotengenezwa kwa ustadi uleule na mara nyingi kwa mbao zilezile, linaweza kufunguliwa Jumamosi asubuhi, likashushwa kwa kamba hadi uchochoroni, na ikifika Jumatatu pahala pake pana fremu ya alumini na kioo cheusi bila ya mtu hata mmoja kuuliza limekwenda wapi.

Ninaandika kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya madirisha yanayotolewa hivi yangeweza kutengenezwa, na kwamba anayeyatoa hupoteza kitu ambacho hawezi kukinunua tena kwa bei yoyote. Ili nieleweke, itabidi nianze mbali kidogo.

Nyumba za mawe za mwambao wetu hazikuanza na madirisha makubwa. Anayetembelea magofu ya Songo Mnara karibu na Kilwa, au ya Gedi huko Kenya, atakuta nyua zilizochimbwa chini kuliko sakafu za vyumba, na vyumba vyenyewe vikizielekea. Mwanga na hewa viliingia kwa njia ya uani, na ukuta wa nje ukaachwa karibu mtupu. Nyumba kongwe za Lamu za karne ya 18 zilifuata utaratibu huohuo. Kuna kiwanda, yaani ua, kilicho wazi juu, kisha ukumbi uitwao msana wa tini, kisha ukumbi wa msana wa yuu, kisha chumba kiitwacho ndani, na kadiri mtu anavyozidi kuingia ndivyo mwanga unavyopungua na ndivyo ubaridi unavyoongezeka. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko, zilizobeba dari ya mawe na chokaa, hazikuruhusu upana unaozidi takriban mita 3. Katika nyumba ya namna hiyo dirisha la kuelekea njiani halikuwa na kazi kubwa. Faragha ilikuwa na thamani kuliko mandhari, na jua la mchana lilikuwa la kukingwa.

Mambo yalibadilika katika karne ya 19, hasa baada ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Matajiri wa Kiomani walijenga majumba ya mraba yenye kuta nene na ua wa ndani uliozungukwa na kumbi za ghorofa, lakini ghorofa za juu sasa zilianza kutazama nje, kuelekea bahari na upepo. Wafanyabiashara kutoka Kachchh na Gujarat huko India walileta mtindo mwingine: duka chini, familia juu, na uso wote wa nyumba umefunguka njiani kwa madirisha marefu na roshani za mbao. Nchi ikawa na fedha za karafuu, na njia za bahari zikafupika. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kuanzia mwaka 1872 meli za moshi za barua zilianza kufika Zanzibar kwa ratiba. Chuma cha kusubu, vioo vya rangi na mbao za mtiki vikawa bidhaa ambazo mwenye uwezo aliweza kuziagiza. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba lililozungukwa na varanda pana juu ya nguzo za chuma. Miaka minne baadaye tajiri Tharia Topan alianzisha jengo ambalo leo tunaliita Zahanati ya Zamani, pale barabara ya Mizingani, lililokamilika mwaka 1894 baada ya yeye mwenyewe kufariki. Asiyeamini kwamba seremala anaweza kuutia mji mapambo kwa mbao na vioo tu, na akasimame mbele ya roshani za jengo lile saa kumi jioni jua linapokuwa upande wa bahari.

Waingereza nao waliongeza yao, hasa kwa mkono wa John Sinclair, ofisa aliyependa matao na kuba, na jengo la makumbusho la Beit al-Amani la mwaka 1925 ni ushahidi wa hilo. Hata hivyo majengo yale ya serikali hayakubadilisha sana nyumba za watu, na mimi hoja yangu ni nyumba za watu.

Tulitazame basi dirisha moja la ghorofa ya kwanza katika mitaa ya Kiponda au Hurumzi, kwa sababu wengi wetu tumeishi nalo bila ya kulitazama. Mara nyingi ni refu kuliko mtu mzima. Linaanzia karibu na sakafu, ili aliyeketi mkekani apate upepo usoni bila ya kusimama. Mbawa zake ni nne, mbili za juu na mbili za chini, na kila jozi ina komeo lake. Ndani ya fremu ya kila ubawa mna vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari kuelekea nje, hivi kwamba mvua huteremka, jua haliingii moja kwa moja, mpita njia haoni ndani, na aliye ndani anaiona njia yote. Nyuma ya mbawa vimesimama vyuma vya mviringo, vilivyopenyezwa katika mbao za kulala zilizotobolewa kwa kekee, navyo ndivyo vinavyozuia mwizi na mtoto. Juu ya yote hayo, katika nyumba zilizojengwa kwa nafasi, kuna upinde wenye vioo vyekundu, vya kijani na vya buluu, vilivyoshikwa kwa vipande vya mbao vyembamba vilivyotandazwa kama mbavu za feni.

Kila kipande hapo kina kazi, na watu waliokulia katika nyumba hizi walikuwa wakilitumia dirisha kwa saa. Alfajiri zilifunguliwa mbawa zote nne. Jua likianza kugonga ukuta zilifungwa za chini, na za juu zikaachwa, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na hukusanyika chini ya dari, na dari zile ni ndefu. Ikipata pa kutokea huko juu, hewa ya uchochoroni, ambayo haipati jua na kwa hiyo ni baridi zaidi, huvutwa kuingia kupitia vibao vya chini. Jioni zilifunguliwa tena. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba, yalifunguliwa ya upande mmoja wa nyumba, na kusi lilipoingia yakategemewa ya upande wa pili. Ukuta wa matumbawe wenye unene wa nusu mita huchelewa kupata moto na huchelewa kuupoteza, lakini ukuta peke yake hauwezi kazi. Ukilifunga dirisha moja kwa moja, nyumba ya mawe hugeuka tanuri ifikapo saa tisa ya mchana, na mwenye nyumba huanza kuzungumza habari za kiyoyozi.

Hapo ndipo alumini inapoingia. Sitaki kuwadharau wanaoichagua, maana sababu zao nazijua: mbu, vumbi, mvua inayopulizia ndani, mbawa zisizofungika, wageni wa hoteli wanaotaka chumba chenye ubaridi, na fundi wa mbao aliyeahidi kuja wiki iliyopita. Lakini dirisha la kioo la kusukuma lenye vipande viwili, hata likifunguliwa lote, hufungua nusu tu ya uwazi wake, kwa sababu kipande kimoja lazima kisimame nyuma ya kingine. Uwazi uliokusudiwa kupitisha hewa kwa urefu wote sasa unapitisha nusu, na nusu iliyobaki ni kioo kinachoingiza joto la jua. Wala si kweli kwamba alumini haiharibiki. Kwenye mji uliozungukwa na bahari chumvi huila na kuitoboatoboa, vigurudumu vya chini hujaa mchanga na kukwama, na kikifa kifaa kimoja kidogo cha plastiki ambacho hakitengenezwi tena, dirisha zima huhesabiwa limekufa. Dirisha la mbao la umri wa miaka 120 bado linaweza kufanyiwa kazi kwa msumeno, randa na patasi za seremala yeyote.

Madhara makubwa zaidi yako ukutani, na huonekana baada ya miaka. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, laini kiasi, na hupitisha unyevu kuingia na kutoka. Fremu ya zamani haikupigiliwa juu ya ukuta. Ilijengewa ndani yake, na mara nyingi mbao zinazobeba mzigo juu ya uwazi zimeungana nayo. Fundi anayeing'oa kwa tindo na nyundo ya kilo tano hutikisa mawe ya ubavuni na linta ya juu. Kisha, kwa kuwa dirisha jipya huwa dogo au la mraba huku uwazi ni mrefu wenye upinde, pengo huzibwa kwa matofali ya saruji. Saruji hupitisha unyevu kwa shida. Maji yaliyokuwa yakitoka polepole kupitia chokaa sasa hujikusanya nyuma yake pamoja na chumvi iliyomo ndani ya mawe, na ukuta huanza kumenyeka kandokando ya kiraka, mwenye nyumba akaongeza saruji nyingine kufunika pale palipomenyeka. Tangu Disemba 25, 2020, siku ambayo sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea na watu wakapoteza maisha, hakuna mkaazi wa Mji Mkongwe anayehitaji kuelezwa kwamba majengo haya yana kikomo cha kuvumilia. Sisemi kwamba dirisha ndilo lililoliangusha jumba lile. Nasema tu kwamba ukuta wa chokaa haupaswi kutobolewa na kuzibwa ovyo, na badiliko la dirisha ndilo badiliko linalofanywa mara nyingi zaidi, kwenye nyumba nyingi zaidi, na kwa usimamizi mdogo zaidi.

Nije kwenye utunzaji wenyewe, kwa kuwa lawama bila ya maelekezo hazimsaidii mwenye nyumba. Adui wa dirisha la mbao ni maji yanayokaa. Kuvu wanaoozesha mbao hawawezi kuanza kazi mpaka unyevu wa mbao upite takriban asilimia 20, na mbao inayopata mvua kisha ikakauka siku ileile hukaa miaka mingi bila ya kuoza. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya dirisha lake asianze na sehemu zinazoonekana vibaya, kama rangi iliyobanduka katikati ya ubawa, bali aanze chini: kizingiti, ubao wa chini wa kila ubawa, na pembe ambapo ulimi wa ubao mmoja umeingia kwenye tundu la mwingine. Achukue bisibisi na aichomeke taratibu. Mbao nzima itaikataa ncha. Mbao iliyooza itaipokea kama mkate. Akiona unga laini sakafuni chini ya dirisha, hao ni wadudu wanaobungua, na atafute matundu yao. Akiona njia ya udongo ikipanda ukutani hadi kwenye fremu, hao ni mchwa, na tatizo lao liko chini ya nyumba wala si dirishani.

Kabla hajamwita seremala, atazame juu. Mara nyingi dirisha linaoza kwa kosa lisilokuwa lake: bomba la paa lililopasuka, au siku hizi mpira wa kiyoyozi cha jirani wa ghorofa ya juu, unaodondosha maji mchana kutwa juu ya kizingiti cha mwenziwe. Kutengeneza mbao na kuuacha mpira ule unadondosha ni kupoteza fedha. Kizingiti chenyewe kinatakiwa kiinamie nje, na upande wake wa chini kiwe na mfereji mwembamba unaoyafanya maji yadondoke badala ya kurudi ukutani. Mfereji huo huzibwa na rangi zilizorundikana miaka na miaka, na kuuzibua ni kazi ya dakika chache kwa ncha ya msumari.

Pakiwa pameoza, dawa si kufukia kwa puti, sembuse saruji. Fundi anayejua hukata sehemu iliyooza mpaka afikie mbao nzima, akakata mshazari ili maji yasipate pa kukaa, kisha akatia kiraka cha mbao ya aina ileile, nyuzi zake zikielekea upande uleule, akakiunga kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji na vigingi vya mbao. Ubao wa chini ulioliwa sentimita kumi hauhukumu ubawa mzima. Wala fremu haina haja ya kuguswa: mbawa zinatoka kwenye bawaba, zinateremshwa, zinatengenezwa kibarazani, zinarudi. Mvua za masika zinapoanza mwezi Machi mbao huvimba na mbawa hugoma kufungika, na hapo wengi hukimbilia randa. Wasubiri. Ubawa uliopunguzwa Aprili utakuwa na mwanya wa kupitisha kidole ifikapo Januari. Kama bado unagoma wakati wa kiangazi, hapo ndipo upunguzwe, na kwanza ikaguliwe bawaba, kwa kuwa mara nyingi ubawa haukuvimba bali umeshuka upande mmoja kwa misumari kulegea.

Vyuma vinataka kuangaliwa kwa namna yake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na chuma kinachovimba ndani ya tundu lake huipasua mbao iliyokishika, nyufa zikaingiza maji, maji yakaongeza kutu. Kusugua kwa brashi ya waya na kupaka rangi ya kuzuia kutu kila baada ya miaka michache ni kazi ndogo mno ikilinganishwa na kupasuka kwa ubao wa kulala wenye matundu kumi yaliyotobolewa kwa mkono. Nawaomba pia wasimamizi wa nyumba wakataze kamba za nguo kufungwa kwenye vyuma hivi. Nguo mbichi ni nzito kuliko tunavyodhani.

Kuhusu rangi nina onyo moja. Rangi za mafuta za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Dirisha lenye matabaka mengi ya rangi lisipigwe msasa mkavu sebuleni wala lisichomwe kwa moto wa gesi. Lilowanishwe, likwanguliwe, takataka zikusanywe kwenye mfuko na mahali pafutwe kwa kitambaa kibichi. Baada ya hapo mbao ipewe mafuta ya kitani au rangi ya mafuta iliyo nyepesi, kwa matabaka membamba, na zaidi ya yote kwenye ncha za mbao, kwa sababu nyuzi zilizokatwa hunywa maji kuliko ubavu. Vanishi nene inayong'aa inapendeza miezi sita. Kisha jua huipasua, maji hupita kwenye nyufa na hayapati pa kutokea.

Vioo vya rangi na vioo vya zamani kwa jumla vinastahili neno. Kioo cha zamani kilipulizwa kwa mdomo na kunyooshwa kwa mkono, ndiyo maana ukitazama kupitia kwake ukuta wa jirani huonekana una mawimbi. Wako wanaodai kwamba kioo huyeyuka polepole na kushuka chini kwa umri. Si kweli, unene wake usio sawa ulitokana na namna kilivyotengenezwa. Kioo bapa kabisa tunachokizoea leo kinatokana na njia ya kukimimina juu ya madini ya bati yaliyoyeyushwa, njia iliyotangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959, na kimeenea duniani kote tangu wakati huo. Kipande cha zamani kikivunjwa, hakuna duka la Darajani litakalokuuzia cha kufanana nacho. Kwa hiyo seremala anapoutengeneza upinde, avitoe vioo kwanza, avihesabu, avifunge kwa gazeti na aviandike namba.

Watu wataniuliza mbona nazungumza kana kwamba kila anayeishi Mji Mkongwe anamiliki nyumba anayoishi. Najua sivyo. Nyumba nyingi ni za serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine ni za wakfu, nyingine ni za warithi waliotawanyika kutoka Dubai hadi Toronto wasioweza kukubaliana hata juu ya bomba la maji. Nyumba iliyojengewa ukoo mmoja ina familia tano; ukuta wa mbao nyembamba umekata chumba katikati na kuligawa dirisha moja kwa wapangaji wawili, mmoja anataka lifunguliwe na mwenziwe anapikia makaa pembeni yake. Mpangaji anayelipa kodi ndogo haoni kwa nini atengeneze mali ya mwingine, na mwenye mali anayepokea kodi ndogo hana cha kutengenezea. Katika hali hiyo dirisha haling'olewi kwa sababu mtu halipendi, bali kwa sababu siku mbawa zilipoanguka njiani kitu cha rahisi kilichopatikana kilikuwa kipande cha bati. Ndipo ninaposema kwamba mkataba wa upangishaji wa nyumba hizi ungeandikwa upya kwa kipengele kimoja: matengenezo madogo ya madirisha anayoyafanya mpangaji kwa idhini na kwa risiti yakatwe kwenye kodi yake. Gharama kwa mwenye nyumba ni ndogo, na mpangaji anapata sababu ya kumwita seremala mapema.

Sheria ya kulinda mji ipo. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji wetu ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, mwaka mmoja kabla ya Lamu. Kubadilisha sura ya jengo kunahitaji kibali. Ombi langu kwa Mamlaka ni kwamba anayetengeneza dirisha lililopo, kwa umbo na mbao zilezile, apate kibali kwa haraka na bila ya malipo, na ugumu wote uwekwe upande wa anayetaka kulitoa. Pia litafutwe ghala. Nyumba inapobomoka au inapokarabatiwa kuwa hoteli, mbawa na vyuma vya zamani huishia kuni au kwa wauzaji wa vitu vya kale, wanaozigeuza kuwa meza za kahawa na fremu za vioo vya kujitazamia. Ghala moja la umma lingeweza kuzinunua kwa bei ya haki na kuwauzia wenye nyumba wanaokosa ubawa mmoja kati ya nne.

Mbao mpya zitapatikana. Mtiki unapandwa nchini, katika mashamba ya Longuza huko Muheza na Mtibwa huko Morogoro, na ingawa mti uliokuzwa haraka hauna uzito wa mtiki wa zamani, kwa vibao na viraka unatosha. Mvule na mninga ni adimu na ghali, hivyo vitumike pale tu palipokuwa na mvule na mninga. Kilicho adimu zaidi ni mikono. Vijana wanaomaliza useremala katika vituo vya mafunzo ya amali, kama vile Mwanakwerekwe na Mkokotoni, wanajua kutengeneza makabati na vitanda, na hilo ndilo soko linalowataka. Ni wachache waliowahi kuambiwa wafungue ubawa wa miaka mia, wakatoe vigingi bila ya kupasua ulimi, wakaurudishe. Kazi hiyo haijifunzwi kwa mchoro. Inajifunzwa kwa kusimama karibu na mzee anayeijua, na wazee hao wanapungua.

Kwa sababu hiyo, na hili ndilo ombi langu la mwisho kwa wanaohusika na ujenzi upya wa Beit al-Ajaib, naomba kila dirisha na kila mlango uliookolewa pale upigwe picha, upimwe na upewe namba kabla ya kuguswa, na karakana ya mbao itakayoyatengeneza ifunguliwe kwa wanafunzi kuanzia siku ya kwanza, wakiwa na posho na vifaa vyao, badala ya mkandarasi kuja na mafundi wake na kuondoka nao. Jumba lile lina mbao za kutosha kuwafundisha vijana ishirini kwa miaka kadhaa, na wakitoka hapo Kiponda, Malindi na Sokomuhogo kutakuwa na kazi inayowasubiri.

Wako,
Mkaazi wa Mkunazini,
Zanzibar